Jibu: Fundi hajaniletea ankara, je, bado ninadaiwa?

Habari ndugu. Nimekuelewa: fundi alimaliza kazi, miezi imepita, ankara hujaletewa, na unajiuliza kama kimya chake kimefuta deni. Hakijafuta. Deni lilizaliwa ulipoipokea kazi. Ankara ni ukumbusho tu.

Kwanza pekua risiti na miamala yako. Mimi niliwahi kukosa usingizi wiki nzima kwa deni ambalo mke wangu alishalilipa! Ukikuta kweli hujalipa, mwandikie ukitaja kazi, tarehe na kiasi mlichopatana. Asipojibu, tenga pesa hizo pembeni, usizile. Kama amesamehe, aseme mwenyewe, usimsemee. Na kama ameshafariki, watafute warithi wake. Muda wa ukomo wa madai, yaani kipindi ambacho kikipita deni haliwezi tena kudaiwa mahakamani, hutofautiana kwa nchi, hilo muulize wakili.