Mfuko wa majina na ukuta wa kanisa

SWALI: Shikamoo mzee wa safu hii. Nasoma kwamba akina Medici, familia ya wenye benki, waliitawala Florence huko Italia, ilhali mji ule ulikuwa jamhuri. Walitawalaje bila cheo? Na michoro ya makanisani iliwahusu nini watu wa benki?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Siri ilikuwa mifukoni, na sisemi mifuko ya fedha tu. Wajumbe wa Signoria, baraza kuu la mji, walipatikana kwa kuchomoa majina mfukoni, na walikaa madarakani miezi 2 tu. Cosimo de' Medici, aliyerudi kutoka uhamishoni mwaka 1434, hakuhangaikia kiti. Alihakikisha watu wake ndio wanaoamua majina gani yatiwe mfukoni. Hapo uchaguzi una maana gani tena?

Kuhusu michoro: Kanisa lilihesabu riba kuwa dhambi, na mwenye benki aliogopa moto wa milele kama mtu mwingine. Cosimo aligharimia kujengwa upya kwa monasteri ya San Marco, mtawa mchoraji Fra Angelico akapamba kuta zake, na Cosimo akawa na chumba chake cha sala humo. Naamini toba yake ilikuwa ya kweli. Ila tazama kikanisa cha ndani ya jumba lao, alichokichora Benozzo Gozzoli kuanzia 1459: katika msafara wa Mamajusi wamo Cosimo na mwanawe Piero, wamevaa vizuri kabisa. Toba gani hiyo yenye picha yako ukutani!

Mjukuu wake Lorenzo alimlea nyumbani kijana Michelangelo, aliyekuja kuwa msanii mashuhuri. Na mtoto wa Lorenzo? Mwaka 1513 akawa Papa Leo wa 10.