Jibu la swali la wiki: Msimpe cheti, mrudishieni sufuria yake

Mhariri, kama umenizidi umri shikamoo, kama hujanizidi basi mambo. Swali lenu la wiki hii, nani mtaani kwenu anastahili kuenziwa kwa kujitolea na aenziweje, nimelisoma nikiwa kwenye bajaji nikajikuta nacheka mwenyewe mpaka dereva akaniangalia kwenye kioo, maana sisi huku huyo mtu tulishawahi kumuenzi na ilivyokwenda siku ile ndo inanifanya niandike.

Niko Tanga, Ngamiani, kwenye mitaa yetu ile ya namba, barabara ya ngapi siisemi mtamjua. Jina lake pia sitaji, hajanipa ruhusa na akijua nimemuandika atanisema mwezi mzima. Watoto wanamwita bibi wa masufuria, mimi nitamwita bibi tu.

Kazi zake ni mbili. Ya kwanza anatunza vyombo vya shughuli vya mtaa. Sufuria kubwa zilikuwa 11, zile za wali wa kilo 20 kwenda juu, masinia, miiko mirefu kama makasia, mapipa mawili ya maji, majamvi, birika za kunawia na turubai mbili ambazo moja ina tundu na kila mtu anajua upande wa kutokaa. Vyote vimelala chumba cha uani kwake, chumba ambacho angeweza kupangisha akala kodi yake kila mwezi, hakupangisha, kalaza masufuria. Kila sufuria ina namba ya rangi nyekundu kitakoni na kila inayotoka inaandikwa kwenye kaunta buku, nani kachukua, shughuli gani, siku gani. Hulipi hata mia. Masharti ni irudi imesuguliwa, ikipotea unanunua, na kitimoto haipikwi humo. Hilo la mwisho aliwaambia majirani zetu wakristo kwa upole kabisa na wamelishika miaka yote, wanachukua kwa kipaimara, kwa misiba, kwa mwaka mpya, na zinarudi zinang'aa kuliko tunavyorudisha sie waislamu wenyewe, hapo niseme ukweli.

Kazi ya pili ni kuosha maiti za kike, na hapa ndo pazito.

Wengine tulipita madrasa tukaambiwa kuosha maiti, kumkafini, kumswalia na kumzika ni fardhi kifaya, yaani ni deni la mji mzima, wakitokea wachache wakalibeba wengine mmesameheka, wasipotokea dhambi ni ya wote mpaka aliyekuwa amelala. Sasa pigeni hesabu. Mtaa wetu umesameheka miaka kama thelathini kwa mgongo wa mama mmoja mwenye magoti mabovu. Wenzake aliokuwa anaosha nao wengine wametangulia, mmoja kahamia kwa mwanawe Dar, kabaki yeye na mwingine ambaye siku hizi macho hayaoni vizuri. Akipigiwa simu saa 9 usiku anachukua fuko lake anatoka. Hajawahi kuuliza aliyekufa alikuwa anaswali au haswali, wala alikuwa na maneno gani na majirani.

Mama yangu alifariki 2021, kipindi kile mnachokikumbuka, kile cha changamoto ya kupumua, kila nyumba inanuka mchaichai na mwarobaini kwa kujifukiza. Shangazi zangu wa damu kabisa walisimama getini na barakoa wakasema wataswali kwa mbali. Siwalaumu, watu walikuwa wanaogopa na mimi nilikuwa naogopa, nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba na ndoo mkononi sijui niingie au nitoke. Bibi akaja na fuko lake, glovu, pamba, mkasi, karafuu maiti, sabuni. Akaniuliza maji umechemsha? Nikamwambia ndiyo. Akachanganya na ya baridi alafu akaingiza kiwiko kwenye ndoo, vile unavyopima maji ya kumuogeshea mtoto mchanga, akasema bado ya moto, ongeza. Nikaongeza. Akapima tena. Nikamuuliza, kijinga tu, kwani bibi, mama anasikia? Akasema, "Sijui kama anasikia. Mimi nasikia."

Akawa anamuosha huku anamsemesha, haya mwanangu tugeuke, upande huu sasa, umechoka eeh, tunamaliza. Mimi namwaga maji anapoonyesha. Tulipofika kwenye nywele akanipa kitana akasema suka wewe, mikia mitatu, usivute. Angeweza kusuka mwenyewe dakika mbili akamaliza, magoti yanamuuma, kuna msiba mwingine barabara ya chini unamsubiri, lakini alikaa pale kwenye kigoda ananingoja mpaka nikamaliza mkia wa tatu na mikono yangu inavyotetemeka. Kisha sanda, vipande vitano kwa mwanamke, ananiambia kila kimoja kinakwenda wapi, hiki saruni, hiki kanzu, huu mtandio, hizi mbili za kumfunika. Kaka yangu akamfuata nje na bahasha. Hakuipokea. Alichukua sabuni iliyobaki tu, akasema hii itamfaa wa huko ninakokwenda.

Baadaye sana, siku ya khitma ya mtu mwingine, nilimuuliza alianzaje. Babake alikuwa manamba, walioletwa kutoka mbali kuja kukata mkonge kwenye mashamba ya Tanga, na mnajua manamba wameitwa hivyo kwa sababu ya namba, unapewa namba yako na kipande chako unahesabiwa kwa hiyo. Alifia kambini yeye akiwa mdogo, hakuna ndugu hata mmoja, wakatoka watu wasiojua hata kijiji chake wakamuosha wakamzika. Akaniambia basi ndo hivyo, zamu. Hakuendelea, akaniuliza kama sinia zimeshahesabiwa. Mimi nilijiuliza tu kama ndo maana anapenda kuziandika sufuria namba, lakini hilo ni la kwangu.

Haya sasa, siku ya kumuenzi. Miaka miwili iliyopita ofisi moja, siitaji, iliandaa hafla ya kuwapongeza wananchi wanaojitolea. Fulana zikachapwa, bango likatundikwa, spika zikaanza kulia toka asubuhi. Bibi aliambiwa awepo saa 2. Alifika saa 1 na nusu, kavaa doti yake mpya ambayo bado ina harufu ya duka, kakaa kiti cha mbele. Mgeni rasmi alifika saa 7 mchana. Hapo katikati watu wakawa wameongezeka, mpishi waliyemkodi kaja na sufuria za kupikia familia, mchele upo nyama ipo pa kupikia hakuna, ndo mtu mmoja akapata wazo, si bibi wa masufuria yuko hapahapa? Bajaji ikatumwa kwake ikaleta namba 4 na namba 9. Alafu ikaonekana mpishi hawezi kuligeuza pilau la kiwango kile. Mnajua kilichofuata. MC aliita jina lake mara tatu, watu wanapiga makofi wanatazamana, mimi nikakimbia nyuma ya ukumbi nikamkuta kashika mwiko, macho mekundu kwa moshi, ile doti ina masizi. Akaja, akapewa cheti, jina la babake limekosewa, akapigwa picha moja na mgeni rasmi, akaniuliza kwa sauti ya chini nimemuachia nani moto, akarudi maana pilau lilikuwa linashika chini.

Wala hakukasirika, mimi ndo nilikasirika. Cheti kile bado anacho, kiko kwenye plastiki yake, anakiweka chini ya karatasi ya kaunta buku ili kalamu isitoboe upande wa pili. Anasema kigumu kizuri.

Tatizo letu naona ni kwamba tunajua kumshukuru mtu wa tukio, wa kila siku hatumuoni. Chukueni Majaliwa Jackson, yule kijana mvuvi wa Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege imeanguka ziwani karibu kabisa na uwanja, ndani kuna watu 43, yeye na wavuvi wenzake ndo walitangulia kufika na mitumbwi, mwenyewe alisimulia alivyopiga mlango kwa kasia mpaka ukafunguka, baadaye akazimia akaamkia hospitali. Walikufa watu 19, 24 wakapona. Kesho yake pale uwanja wa mpira wa Kaitaba kwenye kuaga miili akapewa milioni moja na ikatangazwa aajiriwe Zimamoto na Uokoaji. Alistahili, nani atabisha. Na mimi kilichonifurahisha zaidi ni ile ajira kuliko ile milioni, maana walimwambia hiki ulichofanya ni kazi, njoo ufundishwe uifanye na ulipwe. Lakini ndege haianguki kila wiki na watu wanakufa kila wiki, bibi wa kwetu hana siku ya kuita kamera, anachofanya kikienda vizuri hakuna hata mmoja anayegundua, maiti imezikwa kabla ya alasiri watu wamekula wametawanyika.

Alafu neno lenyewe kujitolea limechakaa siku hizi. Vijana wetu wanamaliza chuo cha ualimu wanakwenda "kujitolea" sekondari miaka mitatu minne wakisubiri ajira, nauli tu hawapewi, hiyo mimi siiti kujitolea. Kwa upande mwingine kuna wanaokwenda kituo cha yatima na katoni mbili za sabuni na mpiga picha. Tarehe 5 Desemba ni siku ya kimataifa ya wanaojitolea, Umoja wa Mataifa waliipanga tangu 1985, nilimwambia bibi akasema hiyo si karibu na Uhuru, sufuria zote zinakuwa zimetoka.

Kuna watakaosema malipo yake kwa Mungu, mwacheni na thawabu zake msimharibie kwa tuzo za duniani. Nimeisikia sana hii na nimechunguza, mara nyingi anayeisema ndo mwenye sinia la watu ndani tangu Maulidi.

Mnauliza aenziweje. Nitawaambia tulichofanya sie baada ya ile aibu, si kikubwa. Kwanza tulikaa kijiweni pa kahawa, wanaume wale wale wanaobishana Simba na Yanga mpaka usiku, mtu mmoja akauliza hivi bibi ana bima? Hana. CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, wakati ule ilikuwa elfu 30 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6. Pesa ilitimia kabla kahawa haijapoa, buku buku na jero jero, tukabaki tunaangaliana kwa haya, miaka yote hiyo na kitu chenyewe kilikuwa buku.

La pili ndo gumu. Nilimuomba anifundishe. Nilidhani atafurahi, akaniangalia muda mrefu akasema wewe mwepesi wa kulia. Nikamwambia ndiyo. Akasema lia, lakini machozi yasidondoke kwenye sanda. Tulianza wanne, mmoja aliishia siku ya kwanza, alitoka nje kutapika hakurudi na hatumcheki, tumebaki watatu. Mara ya kwanza nilishika ndoo tu. Mara ya pili nikapima maji, kwa kiwiko, akanikosoa ya baridi. Mpaka sasa nimeshiriki mara saba na bado nikimaliza nakwenda kuoga nakaa kimya mpaka magharibi, mume wangu ameshazoea hanisemeshi. Simu ya saa 9 usiku sasa inalia kwangu kwanza, na kama naweza bibi haamshwi, anaambiwa asubuhi. Mara ya kwanza kuambiwa asubuhi alinuna. Akaniuliza mlimsuka? Nikamwambia mitatu. Akasema haya.

Kwa hiyo kama gazeti lina zawadi, msitume ngao wala kikombe, pa kukiweka hakuna, chumba kimejaa. Tumeni jora moja la kitambaa cha sanda na katoni ya glovu, hivyo vinaisha. Na kama kuna mtu mwenye gari la kubeba vyombo apigie mtu yeyote Ngamiani aulize bibi wa masufuria ni wapi, ataonyeshwa, maana sasa hivi vinatoka kwa mkokoteni na mvua ikinyesha tabu tupu.

Ila kuna jingine. Siku ile ya cheti zilikwenda sufuria mbili. Namba 9 ilirudi baada ya wiki ikiwa na ukoko ndani. Namba 4 haijarudi mpaka leo, na kwenye kaunta buku mstari wake uko wazi, kaandika "hafla ya kupongeza" na nafasi ya tarehe ya kurudi haina kitu, kila akifungua anapita hapo na kidole. Ni ya kilo 25, sikio moja limechomelewa, mfuniko wake tunao sisi huku. Aliyenayo hata akiiacha usiku mlangoni hatutauliza.