Doa jeupe kwenye ulimi na kipimo cha vinasaba: yaliyonikuta

Mkuu, pole na mzee wako. Umesema anatumia ugoro, ana doa jeupe ubavuni mwa ulimi, kinyama kilichokatwa kimeonyesha "displasia ndogo, si saratani" (yaani seli zimeanza kubadilika, ila hazijawa saratani), na unauliza kama kipimo cha vinasaba kina faida. Mimi niliambiwa maneno hayo hayo Vancouver, Kanada, ninakoishi, baada ya kutafuna tambuu ya tumbaku tangu ujana wangu Mombasa.

Hilo neno "ndogo" lilinilaza usingizi. Daktari akaniamsha: chini ya hadubini madoa mawili yanaweza kufanana kabisa, moja likatulia maisha yote, jingine likageuka saratani. Kila kromosomu, yaani kifurushi cha vinasaba ndani ya seli, tunazo mbili, ya baba na ya mama. Kipimo kinatafuta kama kipande cha mojawapo kimepotea kwenye seli za lile doa. Kwanza huangaliwa mkono mfupi wa kromosomu ya 9, ilipo jeni ya p16 inayozuia seli zisigawanyike ovyo. Halafu ya 4 na ya 17.

Utafiti wa kipimo hiki ulifanyika hapa hapa Vancouver, na kundi la mtafiti Miriam Rosin. Mwaka 2012 walitoa matokeo: wenye mkono huo wa 9 mzima, kama 3 kwa 100 doa lao liligeuka kuwa baya ndani ya miaka 5. Waliopoteza wa 9 pamoja na wa 4 na wa 17, yote mitatu, kama 63 kwa 100.

Mimi nilipoteza wa 9 peke yake, nikawekwa kundi la kati. Nikawa naitwa kila baada ya miezi michache, na mwaka wa pili doa lilipoanza wekundu likakatwa lote mapema. Faida niliyoipata ndiyo hiyo: kuangaliwa kwa karibu. Kidonge hakuna. Dawa ya erlotinib ilijaribiwa kwa watu wenye upotevu wa aina hii, matokeo yakatoka 2016, haikuwakinga.

Kwa hiyo mzee asikae kusubiri kipimo. Ugoro aache leo, maana ubavu wa ulimi ni mahali pabaya. Likiwa jekundu, likiwa gumu, au likitoka kidonda kisichopona wiki 2, arudi hospitali siku hiyo hiyo. Na waulizeni maabara kama wamehifadhi kile kinyama kwenye nta. Changu kilipimwa hicho hicho, sikukatwa tena.