Kigogota hali mafuta niliyomtundikia

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mdogo wangu aliyeko Minnesota, Marekani, alinitumia video ya vigogota wakidonoa mafuta ya ng'ombe yaliyotundikwa mtini kwenye kikapu cha waya. Nami nikayeyusha shahamu, nikachanganya na karanga, nikaitundika kwenye mparachichi wangu hapa Usa River, Arusha. Wiki ya tatu sasa, wanaokuja ni sisimizi na paka. Kigogota namsikia kila asubuhi kwa jirani, kwenye mjakaranda uliokauka nusu. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Kwanza yashushe hayo mafuta. Kwa jua letu yanalainika na kuvunda, na yakimganda ndege kwenye manyoya yanamletea taabu.

Mdogo wako anawavusha ndege wakati wa baridi. Januari kule Minnesota theluji imetanda, wadudu ni adimu, na kigogota mdogo asiyefikisha hata gramu 30 anahitaji mafuta ili aione asubuhi. Usa River haina majira ya namna hiyo. Mabuu, mchwa na sisimizi wapo mwaka mzima, basi wa kwetu afuate nini kwenye kikapu?

Jibu umeliandika mwenyewe: mjakaranda wa jirani. Mti ukianza kukauka, mbawakawa hutaga mayai kwenye gome, na mabuu yao hutoboa njia ndani ya mbao. Hicho ndicho chakula. Kigogota hugonga, husikiliza, hutoboa, kisha huingiza ulimi mrefu ajabu: mifupa inayoushikilia inazunguka fuvu kwa nyuma, na ncha yake ina vimiiba vya kunasia buu. Ndege aliyeumbwa hivyo humwekei sahani. Mwekee mti.

Kwa hiyo, ukipogolea mparachichi au mgrivea, usikate kila tawi kavu. Yaliyo juu ya paa, njia ya watoto au nyaya za umeme yaondoe bila huruma. Mengine yaache. Mti uliokufa kabisa mwite fundi aukate juu, abakize shina la mita 3 au 4, mradi mizizi bado imeshika. Magogo uliyokata yalaze kwenye kona yenye kivuli, mbali na nyumba kwa sababu ya mchwa. Najua majirani watasema bustani imetelekezwa. Mimi naona kinyume chake: bustani isiyo na tawi kavu hata moja ina njaa, hata ikiwa kijani kiasi gani.

Jambo la pili ni dawa. Ukipulizia sumu ya sisimizi na mchwa kila mahali, unakifuta chakula chenyewe. Kigogota wa migunga, Campethera nubica, yule ambaye dume na jike hupokezana kelele, hutegemea sana wadudu hao. Walinde nguzo na milango yako, kichuguu cha mwisho wa shamba kiache.

Ukiweka paipai lililoiva, watakuja zuwakulu na kuzumburu. Ni wageni wazuri, ila si vigogota, ingawa zuwakulu naye hutoboa miti na watu huwachanganya.

Huenda unayemsikia ni Dendropicos fuscescens, mdogo wa sentimita 15 hivi, dume akiwa na kisogo chekundu. Usimtafute kwenye shina tu. Hupenda vitawi vyembamba, na mgongo wake wa mistari hupotea kwenye gome. Tazama chini ya mti: vumbi jipya la mbao maana yake amepita. Ukiona tundu la mviringo upande wa chini wa tawi kavu, huenda ni kiota, basi msumeno usubiri hadi makinda yaruke.

Na kama unalima mahindi nyuma ya nyumba, baada ya kuvuna acha mstari mmoja wa mabua umesimama. Huyu mdogo huyapasua kutafuta mabuu, na hapo utamwona kwa karibu, kwenye usawa wa macho.