Gauni la marehemu mama linanibana: nimpe fundi gani?

SWALI

Assalaam aleikum, bibi. Nina gauni la satini, kijani iliyokoza, aliloniachia marehemu mama. Nataka kulivaa harusini kwa mdogo wangu mwezi ujao. Kwa urefu naliburura, lakini kifuani na makwapani linanibana hata mkono siinui. Fundi mmoja wa Darajani kaniambia halitengenezeki, ninunue kitambaa kipya. Wa pili, jirani yetu, kasema, “Liache tu, Ijumaa njoo uchukue.” Nimpe yupi?

Msomaji, Jang'ombe

JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mama.

Usimpe hata mmoja. Katika maelezo yako yote sikuona pahala ambapo wameligeuza hilo gauni ndani nje. Fundi wa nguo mpya utamjua kwa kazi zake zilizotundikwa mlangoni. Wa kurekebisha mtazame anavyoipokea nguo kuukuu: huigeuza kwanza, akaipapasa mishono ya ubavuni, akaona ndani ya mshono imeachiwa akiba ya kitambaa kiasi gani. Mafundi wetu wa zamani wakiacha akiba nene, maana gauni lilitarajiwa kupita mimba mbili tatu. Hizi za dukani hukatwa karibu na uzi, hakuna cha kuachia nguo ipanuke.

Lakini hata akiba ikiwepo, satini ina inda yake. Mwaka wangu wa kwanza wa charahani nilimwachia mteja gauni la satini ubavuni, nikafurahi limemkaa. Kulipiga pasi, matundu ya mshono wa zamani yamejipanga kama safu ya sisimizi, na pembeni yake mstari wa rangi mbichi ambayo haijapata kuona jua. Maskini yule mama alikaa harusi nzima kajitanda mtandio, na arubuni yake nikamrudishia. Kwa hivyo fundi afumue kwanza inchi mbili tu, kwapani. Kwa upande wa ndani apanguse na kitambaa chenye unyevu, akwaruze taratibu kwa ukucha, apitishe pasi ya vuguvugu. Matundu yakijifunga, na aachie. Yasipojifunga, asiendelee.

Hapo ndipo urefu wa mama utakapokufaa. Kama unaliburura, pindoni kuna kitambaa cha kukata, basi kikatwe na mkono utiwe kikwapa, kama cha kanzu. Ni kile kipande kidogo cha pembe nne chini ya mkono, ndicho kinachomwezesha mwanamme kuinua mikono bila kanzu yote kupanda. Kikatwe mshazari ili kivutike. Chini yake kishuke kipande chembamba hadi kiunoni, kukupa nafasi ya kifua. Mshono mpya utapita palepale pa zamani, matundu yasionekane.

Ndiyo maana mimi ningekupeleka kwa fundi wa kanzu, si wa magauni ya harusi. Wapo wanaokaa barazani Mkunazini na Mchangani. Muulize, “Kikwapa unatia?” Akikuuliza kitambaa utakitoa wapi, huyo ndiye. Ukiona haya kupimwa na mwanamme, mpelekee gauni jengine linalokukaa vizuri alifuatishe.

Siku ya kujaribu vaa sidiria na viatu vya harusini, tena usisimame wima kama unapigwa picha ya paspoti. Inua mkono kama unayekwenda kumtunza mwimbaji wa taarab, kisha kaa chini mkekani. Likikubana, livue palepale, alifumue ukiwapo.

Bei usimkazanie sana. Kufumua mshono wa zamani bila kuchana kitambaa ni kazi ya macho na huchukua muda kuliko kushona. Toa arubuni, nyingine siku ya kuchukua. Na kama harusi yenyewe ni ya Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, lipeleke leo, maana kumi la mwisho la Ramadhani fundi mwenye jina ana kanzu za Idi mpaka chini ya meza.

Vipande vitakavyobaki mdai, hata kikiwa cha kiganja. Kijani kile kilichokwishafuliwa miaka yote hiyo hutakipata Darajani nzima.