Marhumu baba alikuwa na umri gani?

SWALI: Assalaam alaykum. Baba yetu, fundi wa majahazi hapa Lamu, alifariki Mfungo Sita (Rabiul Awwal) 1446, yaani Septemba 2024. Ameacha mjane, watoto tisa na wajukuu wengi. Twataka kumwandikia kijitabu ili wajukuu wamjue babu yao, lakini tumekwama ukurasa wa kwanza. Kitambulisho kinasema alizaliwa 1936, basi alikuwa na miaka 88. Kaka yetu mkubwa ashikilia 94, kwa kuwa babu aliandika ndani ya jalada la msahafu wake, kwa herufi za Kiarabu, Mfungo Sita 1352. Mpwa wangu amegeuza tarehe hiyo kwa simu akapata 91. Tumfuate nani? Na mama tumuulize nini?
Msomaji, Langoni

JIBU: Wa alaykumu ssalaam. Mola amrehemu mzee wenu.

Kaka na mpwa wote wamepata: kaka kahesabu kwa hijria, kalenda ya Kiislamu ya mwezi mwandamo, na mpwa kwa miladia, kalenda ya kawaida. Mfungo Sita 1352 iliangukia Juni na Julai 1933. Mwaka wa hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo kila baada ya miaka 33 hivi hutangulia wa miladia kwa mwaka mzima. Katika miaka 94 tofauti imefika mitatu. Andikeni hesabu zote mbili, na kila moja kalenda yake. Kwa miaka mingine mtakayokutana nayo, zidisheni mwaka wa hijria kwa 0.97 kisha ongezeni 622. Mkikosea, mtakosea kwa mwaka mmoja tu. 1936 ya kitambulisho huenda ni makisio, hasa ikiwa siku iliyoandikwa ni 1 Januari. Karatasi za serikali ziacheni zilivyo, kijitabu kifuate msahafu.

Lakini kwanza uhakikisheni huo msahafu. Tarakimu ٣ (tatu) ina jino moja zaidi ya ٢ (mbili), na wino ukififia au karatasi ikila unyevu wa pwani, jino moja hupotea. 1353 yaweza kusomeka 1352. Fungueni jalada karibu na dirisha asubuhi, mwanga upite ubavuni, ili mfuo wa kalamu uonekane hata pale wino ulipotoka. Someni watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe. Na ulizeni kama babu aliwahi kupata mtoto mwingine wa jina hilohilo akafariki mdogo. Jina la aliyetangulia hurithishwa anayefuata, na tarehe ikabaki ya yule wa kwanza. Hili ndilo kosa tunaloliogopa zaidi, maana kwa macho halionekani.

Kwa mama, kila akitaja jambo la maisha yao msiulize "mwaka gani?" Atakisia ili awaridhishe. Ulizeni: "Wakati huo ulikuwa unamnyonyesha nani?" Mama wa watoto tisa ana kalenda ya watoto tisa. Kisha mfunge jibu lake kwa jambo la watu wote: Uhuru wa Desemba 1963, kufariki kwa Mzee Kenyatta Agosti 1978, mvua za El Nino za 1997. Rekodini kwa simu, nusu saa tu kwa siku, feni ikiwa imezimwa na simu imelazwa juu ya mto, si juu ya meza.

Kazi yake msiimalize kwa neno "fundi". Mjukuu wa leo hajui kalafati ni pamba inayoshindiliwa baina ya mbao ili maji yasipenye, wala sifa ni mafuta ya papa. Watafuteni waliofanya naye kazi, Matondoni na kwengineko, wawatajie majina ya vyombo alivyounda, mwenye chombo, na nani alimshikia mbao siku mkuku, uti wa chini wa chombo, ulipolazwa. Vyombo vitano, kila kimoja kwa jina lake, vyatosha kujaza kurasa mbili, na hizo ndizo kurasa zitakazosomwa.

Picha iliyogandana na kioo cha fremu msiibandue, rangi itabaki kiooni. Toeni fremu, acheni kioo, ipigeni picha kivulini karibu na dirisha bila mmweko (flashi), na anayepiga avae nguo nyeusi ili asijione ndani ya kioo. Nyuma ya picha zilizo huru andikeni majina kwa penseli laini, kuanzia kushoto, leo mama akiwa bado awatambua wote.