Shoku za mbele zikilegea, usikimbilie oili

Maji yakipwa pale Likoni, Mombasa, mteremko wa kuingilia feri huwa mkali, na ndipo pikipiki yangu iliponiumbua. Nilishika breki ya mbele kidogo tu, pua ikazama mpaka nikasikia "ko!" ya chuma kugonga chuma. Kijana wa boda aliyekuwa nyuma yangu akaangua kicheko: "Ami, pikipiki yako yasujudu!"

Ni Honda CG125 kuukuu niliyorithi kwa kaka yangu. Injini yake haina neno, lakini shoku za mbele zilikuwa zimelegea kama godoro la gesti. Fundi wa kwanza niliyempelekea hata hakuinama kuziangalia. Alisema oili imekuwa nyepesi, akamwaga iliyokuwemo, akatia oili ya injini, namba 40, nzito kama asali. Nikalipa, nikaondoka nimeridhika.

Raha hiyo haikufika hata Mtongwe. Kwenye matuta madogo, yale yaliyopangwa matatu matatu, usukani ulinipiga viganja kana kwamba sina shoku kabisa. Nikishika breki, pua bado ilizama kule kule, ila sasa ilizama polepole. Wiki ya pili sili ya kushoto, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke, ikaanza kuvuja.

Kosa langu lilikuwa kutojua kila kitu mle ndani kina kazi gani. Uzito wa pikipiki na wako wewe umebebwa na springi. Oili haibebi chochote: inasukumwa kupita kwenye vitundu vidogo, na ugumu wa kupita hapo ndio unaopunguza kasi ya shoku kushuka na kupanda. Pikipiki ikiwa imezama hata ukiwa umesimama kwenye foleni, hiyo ni springi iliyochoka, na oili hata iwe lami haitaiinua. Lakini ikiwa inakaa vizuri na inadundadunda kila ikipita shimo, hapo ndipo oili inapolaumiwa.

Kwa hiyo pima kwanza. Mimi niliiinua pikipiki kwa stendi ya katikati, nikaweka kreti ya soda chini ya injini hadi tairi la mbele likaning'inia. Nikapima sehemu ya bomba linalong'aa inayoonekana, kutoka kwenye kifuta vumbi hadi kwenye kishikizo cha juu yake. Halafu nikaishusha, nikapanda na mavazi yangu ya kila siku, jirani akaishikilia isianguke, mwanangu akapima tena pale pale. Tofauti ilikuwa sentimita 6. Shoku zangu zina mwendo, yaani umbali zinaoweza kushuka, wa sentimita 12 hivi, kwa hiyo nusu ilikuwa imeliwa kabla sijaondoka nyumbani! Kwa pikipiki ya barabarani unataka ile tofauti iwe robo hadi theluthi ya mwendo wote, yaani kwangu sentimita 3 hadi 4.

Kabla hujafungua chochote, tazama pia upepo wa tairi. Kisha inua tairi la mbele, shika miguu ya shoku kwa chini, uivute mbele na nyuma. Ikicheza kwa kishindo, huenda ni beringi za usukani ndizo mbovu, nawe utakuwa wabomoa nyumba isiyovuja.

Sasa kufungua. Vile vifuniko vya juu vya shoku vimekaa juu ya springi iliyobanwa. Vilegeze kidogo wakati shoku bado zimeshikwa na kishikizo cha chini, baada ya kulegeza bolti za kishikizo cha juu, maana ukishazichomoa utahangaika kuzishika. Unapokaribia uzi wa mwisho, weka kitambaa, kandamiza kwa kiganja, na uso wako uwe kando. Mimi changu kiliruka kikapiga bati la kibanda, kuku wa jirani wakatawanyika.

Springi zilipotoka nikazilaza sakafuni pamoja. Moja ilikuwa fupi kuliko mwenzake kwa karibu sentimita nzima. Kuna mtu zamani alibadilisha moja akaacha nyingine. Springi hununuliwa jozi, kama viatu. Lakini za pikipiki hii nilizunguka maduka ya spea kisiwani siku mbili nikaishia kuonyeshwa za pikipiki nyingine, kwa hiyo nikaamua kuzisaidia nilizonazo.

Msaada wenyewe ni kipande cha bomba la plastiki la maji, lenye ukuta mnene, kinachoingia ndani ya shoku bila kubana, kikakaa juu ya springi chini ya kifuniko. Nilikata cha sentimita 2 kwa springi ndefu na cha sentimita 3 kwa fupi, ili zote zianze kubanwa sawa. Kata kiwe wima kabisa, usugue kingo kwa msasa, na uweke washa ya chuma kati yake na springi, la sivyo springi itakitafuna. Usizidishe. Ukiona unahitaji zaidi ya sentimita 3, springi imekwisha. Na ukiibana mno pete zake zitagusana kabla shoku haijamaliza mwendo, na hapo utakuwa umefunga nondo.

Oili nayo niliibadilisha, lakini kwa sababu yake. Ile ya shoku, namba 10, inafaa kwa pikipiki nyingi za zamani. Usipoipata, ile oili nyekundu ya gia za otomatiki inakaribiana nayo, na Honda wenyewe waliitaja kwenye vitabu vya pikipiki zao nyingi za miaka hiyo. Pindua shoku, imwage, ipige pampu, yaani ibonyeze na kuivuta, mpaka ikauke. Mimina mpya, piga pampu taratibu mpaka mapovu yaishe, kisha ukiwa umeisukuma shoku yote chini na springi iko nje, pima kutoka mdomoni hadi kwenye oili. Kipimo cha kushoto na kulia kiwe kile kile. Kugawa chupa kwa macho hakutoshi, maana oili ya zamani hubaki ndani bila kulingana.

Sisi watu wa pwani tuna adui mwingine: chumvi ya bahari. Hula ile kromu ya bomba ikaacha vishimo, na kishimo kimoja chenye ncha kinatosha kuchana sili mpya kwa siku chache. Pitisha kucha juu ya bomba. Ikikwama, sugua mahali hapo kwa msasa laini sana wenye oili, uzunguke bomba badala ya kupanda na kushuka. Paka grisi mdomo wa sili kabla ya kuiingiza. Na kama iliyokuwapo ilivuja, kagua breki, kwa sababu oili ikishafika kwenye brekishuu hakuna msasa utakaoziokoa, nunua nyingine.

Unaporudisha, usikaze nati ya ekseli kwanza. Shusha pikipiki, shika breki, ipige pampu mara tano sita ili miguu ijipange, ndipo ukaze. Mimi niliruka hatua hii, shoku zikawa zinakwama njiani, nikarudia jioni yake.

Nilipopima tena nikapata sentimita 4 kasoro kidogo. Ijumaa iliyofuata maji yalikuwa yamepwa vile vile. Nikateremka kwenye feri, nikashika breki, pua ikashuka nusu ikatulia.